Miaka 13 ya Kukaribia

Mwezi Juni 2024 klabu ya Port Adelaide ilichapwa na Brisbane kwa tofauti ya pointi 79 ikiwa nyumbani, katika uwanja wa Adelaide Oval, jimbo la Australia Kusini. King'ora cha kumaliza mchezo kilipolia, waliozomea hawakuwa mashabiki wa wageni. Walikuwa watu waliovaa nyeusi, nyeupe na bluu ya Port, na hasira yao ilimlenga kocha Ken Hinkley, aliyekuwa katika msimu wake wa 12. Ni rahisi kuliita tukio hilo utovu wa shukrani, na wapo walioliita hivyo. Mimi nashikilia kinyume chake. Hasira ya mashabiki wa Port ilikuwa imejengwa juu ya ushahidi wa miaka mingi, na ukiiweka kando ya historia ya mchezo wenyewe tangu enzi za kocha wa zamani Jock McHale, unaona kwamba umma wa mashabiki mara nyingi umeitambua hali ya klabu kabla kamati haijakiri. Kufungwa peke yake hakukuwaudhi kiasi hicho. Kilichowaudhi ni kuambiwa wasubiri, mwaka baada ya mwaka, bila kuelezwa wanasubiri nini na mpaka lini.

Mchezo wenyewe unahitaji maneno machache kwa msomaji asiyeujua. Ni mpira wa Kiaustralia: timu mbili za watu 18, uwanja wa umbo la yai ambao kiangazi huchezewa kriketi, mpira nao wa umbo la yai unaopigwa kwa mguu au kwa ngumi. Goli ni pointi 6, na ukikosea kidogo pembeni unapata pointi 1. Klabu 18 hucheza ligi, nane bora ziliingia mtoano wa Septemba hadi msimu wa 2025, na bingwa hupatikana katika fainali kuu mjini Melbourne mbele ya watu wapatao 100,000. Jambo lenye uzito kwa hoja yangu ni hili: katika ligi hiyo hakuna kushuka daraja, mishahara ina kikomo kilicho sawa kwa wote, na klabu zilizoshika mkia ndizo zinazotangulia kuchagua vijana wapya wenye vipaji. Tajiri hawezi kununua ubingwa kila mwaka kama ilivyo Ulaya. Ndiyo maana shabiki wa Australia hatulizwi kwa kuambiwa kwamba klabu yake ni maskini. Mfumo wenyewe umemwahidi kwamba zamu yake itafika, na zamu isipofika anayo haki ya kuuliza ni nani aliyeichelewesha.

Port Adelaide nayo si klabu iliyozoea kusubiri. Ilianzishwa mwaka 1870 katika mji wa bandari, na makuli na mafundi wa pale waliipenda kama mali ya ukoo. Katika ligi ya jimbo lake ilitwaa ubingwa mara 36. Kocha Fos Williams aliuchukua mara 9, John Cahill mara 10, na kati ya mwaka 1988 na 1996 klabu ilibeba kombe misimu saba kati ya tisa. Ilipoingia ligi ya taifa mwaka 1997, ilikuwa klabu pekee kutoka nje ya jimbo la Victoria iliyoingia na historia yake nzima mgongoni. Nyingine za nje ya Victoria zilikuwa zimeundwa upya au kuhamishwa kutoka Victoria. Pale Alberton, makao yake, mtoto hukua akisikia kwamba klabu ipo ili kutwaa makombe. Maneno hayo hayakutungwa na mashabiki wakorofi. Ni klabu yenyewe iliyoyasema, ikayarudia, ikayafanya kitambulisho chake. Anayetangaza kipimo hicho mbele ya watu hapaswi kushangaa watu wakikitumia.

Hinkley alipokabidhiwa timu hiyo mwishoni mwa mwaka 2012, hakukuwa na foleni ya watu walioitaka kazi. Mwaka uliotangulia Port ilikuwa imefungwa na Collingwood kwa pointi 138, na wiki iliyofuata na Hawthorn kwa pointi 165. Katika uwanja wake wa zamani, viti visivyokaliwa vilifunikwa maturubai ili utupu usionekane kwenye televisheni. Septemba 2012 mchezaji wake kijana, John McCarthy, alifariki akiwa safarini Marekani. Hinkley aliingia katika nyumba yenye msiba na madeni, na msimu wake wa kwanza tu akaipeleka kwenye mtoano na kuitoa Collingwood mjini Melbourne. Mwaka 2014 klabu ilihamia Adelaide Oval, uwanja ukajaa, na timu ikafika mechi ya kuwania kuingia fainali kuu, ikapoteza kwa Hawthorn kwa pointi 3. Hawthorn hao ndio waliokuwa mabingwa mwaka 2013, wakawa tena mwaka 2014 na 2015. Hakuna shabiki wa Port mwenye akili timamu anayekana wema huo. Wanachama walizidi kuongezeka mpaka wakavuka 60,000, na waliozomea mwaka 2024 walikuwa sehemu ya umati huohuo uliomshangilia muongo mmoja kabla.

Sasa tuutazame ushahidi wao, maana hapa ndipo penye kiini. Mwaka 2017 Port ilicheza mtoano nyumbani dhidi ya West Coast. Dakika za nyongeza zilikwisha, king'ora kikalia Port ikiongoza, lakini Luke Shuey alikuwa na mkwaju wa adhabu mkononi. Akapiga, West Coast wakapita kwa pointi 2. Mwaka 2020 Port iliongoza msimamo wa ligi tangu raundi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha ikapoteza nyumbani kwa Richmond kwa pointi 6, hatua moja kabla ya fainali kuu. Mwaka 2021 ilirudi hatua ileile, uwanja uleule, safari hii dhidi ya Western Bulldogs waliokuwa wamechoka kwa kusafiri wiki baada ya wiki, na ikafungwa kwa pointi 71. Mwaka 2022 ilianza kwa kupoteza mechi tano mfululizo. Mwaka 2023 ilishinda mechi 13 mfululizo, rekodi ya klabu katika ligi ya taifa. Agosti mkataba wa kocha ukarefushwa mpaka mwisho wa 2025. Septemba timu ikatolewa kwa vipigo viwili mfululizo, kutoka kwa Brisbane na kisha Greater Western Sydney (GWS). Mwaka 2024, wiki chache baada ya kuzomewa, iliipiga Sydney kwa pointi 112 na kumaliza ligi katika nafasi ya pili. Halafu ikafungwa nyumbani na Geelong kwa pointi 84 katika mechi ya kwanza ya mtoano, ikaponea kwa pointi 3 mbele ya Hawthorn, na Sydney ileile ikaitoa kwa pointi 36.

Yaweke pamoja yote hayo. Misimu 13, mtoano mara saba, mechi za kuwania kuingia fainali kuu mara nne, na zote nne zikapotea. Katika mechi 15 za mtoano Hinkley alishinda 6. Hakuna kocha mwingine katika ligi hiyo aliyeongoza mechi nyingi kiasi hicho bila kufika fainali kuu hata mara moja. Shabiki aliyelipia kiti chake miaka yote hiyo hakuhitaji mtaalamu wa takwimu kumwonyesha mwelekeo. Alikuwa ameona kwa macho timu inayoshinda zaidi ya nusu ya mechi zake wakati wa baridi, kisha Septemba inabanwa katikati ya uwanja, inashindwa kubadili mwendo, na ndani ya robo moja mchezo umekwisha. Wachezaji walibadilika. Kundi la 2014 liliondoka karibu lote, wakaja vijana kama Connor Rozee na Zak Butters waliochaguliwa mwaka 2018, akaja na Aliir Aliir, beki aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ambaye mwaka 2021 alitajwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Wasaidizi wa kocha nao walibadilika. Kilichobaki palepale ni mtu mmoja na matokeo ya aina moja.

Pingamizi la kwanza ni la bahati. Pointi 3, pointi 2 baada ya king'ora, pointi 6: mpira ungedunda kidogo upande wa pili, Hinkley angekuwa na fainali kuu mbili na pengine kombe. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na kwa vipigo vya 2014, 2017 na 2020 nalikubali. Lakini halielezi pointi 71, wala pointi 84. Timu isiyo na bahati hufungwa kwa kidogo. Haifungwi kwa magoli 12 mbele ya watu wake ikiwa imemaliza ligi katika nafasi ya pili. Tena ukitazama tarehe utaona kwamba vipigo vya karibu vilikuja kwanza na vipigo vikubwa vikafuata. Kama ingekuwa bahati tupu, mizani ingeyumba huku na huku. Ya Port iliinama upande mmoja, na hilo ndilo mashabiki walilokuwa wakilipigia kelele tangu Septemba 2021.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la subira. Wanaolitetea wana mifano mizuri. Geelong ilimaliza ya 10 mwaka 2006, mashabiki wakamtaka kocha Mark Thompson aondoke baada ya misimu saba bila kombe. Akabakizwa, na mwaka uliofuata akamaliza ukame wa miaka 44 kwa ushindi wa pointi 119, mkubwa kuliko wote katika fainali kuu. Waliofungwa siku ile ni Port Adelaide, na Hinkley mwenyewe alikuwa mmoja wa wasaidizi wa Thompson. Richmond chini ya Damien Hardwick ilitolewa katika mechi ya kwanza ya mtoano miaka mitatu mfululizo, 2013 mpaka 2015, kisha 2016 ikashika nafasi ya 13 na kumaliza msimu kwa kupigwa na Sydney pointi 113. Kulikuwa na kundi lililojaribu kuiangusha bodi. Hardwick akabaki, akatwaa ubingwa 2017, 2019 na 2020. Port yenyewe inao mfano wake: Mark Williams aliongoza msimamo wa ligi mwaka 2002 na 2003 bila kombe, timu ikaitwa waoga wa siku kubwa, na alipotwaa ubingwa mwaka 2004 aliishika tai yake shingoni na kuivuta juu kama kitanzi, akiwajibu wote waliosema timu yake hukabwa koo ikifika Septemba.

Mashabiki walikosea kuhusu Hardwick, na hakuna haja ya kulificha. Ila angalia kilichofanyika Geelong na Richmond kabla ya kombe kuja. Geelong ilifanya uchunguzi wa ndani uliogusa kila idara, na Thompson mwenyewe akapimwa hadharani. Ikamleta Neil Balme kusimamia shughuli zote za timu. Miaka kumi baadaye Richmond nayo ilichunguzwa, ikabadilisha benchi la ufundi, ikabadilisha namna ya kucheza, na mtu iliyemleta kusimamia timu mwishoni mwa 2016 ni Neil Balme huyohuyo. Klabu hizo mbili hazikusubiri tu. Ziliwaambia wanachama wao kwamba kuna tatizo, zikalitafuta, zikaweka juu ya kocha mtu mwenye uzito wa kumwambia hapana. Hardwick wa 2017 alikuwa mtu yule yule, lakini kazi yake ilikuwa imegeuzwa. Wanaotaja Richmond kama ushahidi wa subira husimulia nusu ya kisa. Na muda nao unahesabika: Thompson alisubiriwa misimu saba, Hardwick misimu saba, Williams mitano. Port iliposaini mkataba wa Agosti 2023, Hinkley alikuwa akielekea kumaliza msimu wa 11.

Rudi nyuma zaidi, kwa mtu ambaye jina lake ndilo kipimo cha kukaa sana. Jock McHale aliifundisha Collingwood kuanzia 1912 mpaka 1949, misimu 38, mechi 714, ubingwa mara 8, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1927 mpaka 1930. Hakuna aliyerudia hizo nne. Lakini baada ya 1936 hakutwaa tena. Alipoachia ngazi, kamati ilimteua Bervin Woods badala ya Phonse Kyne, mchezaji aliyekuwa kipenzi cha watu. Wanachama wakafoka. Mechi za mazoezi ziligeuka mahali pa kuonyeshea hasira, Woods akajiuzulu kabla ligi haijaanza, na wanachama hawakuishia hapo: waliiondoa kamati, na rais Harry Curtis, aliyekuwa madarakani tangu 1924, nafasi yake ikachukuliwa na Syd Coventry. Kyne akapewa timu, akaleta ubingwa mwaka 1953 na 1958. Umati ulioitwa wa fujo mwaka 1950 ulikuwa umeijua timu yake vizuri kuliko waheshimiwa waliokaa mezani.

Mfano wa kinyume mara nyingi hutolewa kutoka klabu ya Melbourne. Norm Smith aliipa klabu hiyo ubingwa sita kati ya 1955 na 1964. Julai 1965 akafutwa kazi kwa barua iliyopelekwa nyumbani kwake usiku, akarudishwa ndani ya wiki moja, akaondoka kabisa mwaka 1967, na Melbourne haikuonja ubingwa tena mpaka 2021. Miaka 57 tangu ubingwa wa 1964. Kisa hiki hutumiwa kuwanyamazisha mashabiki wa leo: tazameni yaliyowapata waliomtupa kocha mkubwa. Lakini waliomtupa Smith si mashabiki. Ni kamati iliyogombana naye nyuma ya pazia, na alirudishwa upesi namna ile kwa sababu jiji zima lilikuwa limewaka kwa hasira juu ya alivyotendewa. Melbourne ni ushahidi dhidi ya viongozi wanaoamua peke yao. Ukiusimamisha kando ya kisa cha Collingwood, unaona somo moja kutoka pande mbili.

Hapo ndipo ninapofika kwenye tofauti inayoufanya mkasa wa Port uwe mgumu kuliko ule wa 1950. Mwanachama wa Collingwood alikuwa na kura. Kamati ikimchosha, anaitoa. Mwanachama wa Port hana nguvu hiyo: leseni ya klabu ilitoka mikononi mwa ligi ya jimbo mwaka 2014, na sehemu kubwa ya wajumbe wa bodi huwekwa kwa idhini ya ligi ya taifa, wanachama wakichagua wachache tu. David Koch, mtangazaji wa televisheni aliyeshika uenyekiti mwaka 2012, na bodi yake hawakuwahi kulazimika kusimama mbele ya mkutano wa wanachama unaoweza kuwaondoa wote kwa kupiga kura. Mtu asiye na kura hubaki na koo lake. Wanaosema kuzomea si ustaarabu wangetaja basi njia nyingine ambayo mwanachama yule angeitumia. Kurudisha kadi? Amelipa tangu utotoni, kama babu yake. Kuandika barua? Zilijibiwa kwa maneno kwamba klabu ina imani na kocha.

Kuna pingamizi la mwisho, la utu, na hili silipuuzi. Kocha ni mtu, ana familia inayokaa jukwaani, na kuzomewa na watu wako mwenyewe kunauma. Hinkley alilibeba hilo bila kuwarushia mashabiki maneno, na alistahili heshima kwa hilo. Pia ni kweli kwamba kufukuza kocha si dawa ya kila kitu: Essendon ilimwacha Kevin Sheedy mwaka 2007 baada ya miaka 27 na makombe manne, na tangu hapo haijashinda hata mechi moja ya mtoano. Carlton ilimtimua Mick Malthouse Mei 2015, wiki chache tu baada ya yeye kuivunja rekodi ya McHale ya mechi 714, na ilichukua miaka mingi kuinuka. Lakini hoja ya mashabiki wa Port haikuwa kwamba kumwondoa kocha kungeleta kombe mwaka unaofuata. Walitaka masharti. Walitaka kusikia kutoka kwa bodi kwamba kufika hatua ileile na kuporomoka kwa namna ileile kuna kikomo, na kikomo hicho kiko wapi. Bodi iliyokaa kimya ndiyo iliyomweka kocha wake mbele ya jukwaa apokee hasira iliyokuwa yake. Kama kuna aliyetendewa vibaya kwa kuzomewa, basi ni vema kuuliza ni nani aliyemwacha amesimama pale.

Masharti yalikuja Februari 2025. Klabu ilitangaza kwamba huo ungekuwa msimu wa mwisho wa Hinkley na kwamba msaidizi wake, Josh Carr, aliyecheza katika timu ya ubingwa ya 2004, angeshika usukani kuanzia 2026. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kila mtu alijua tarehe. Timu ilishika nafasi ya 13 mwaka huo, matokeo mabaya kuliko mengi yaliyozomewa kabla, na bado jukwaa lilitulia kuliko lilivyokuwa mwaka uliotangulia. Agosti, mechi ya mwisho ya Hinkley ikiwa pia ya mwisho kwa Travis Boak, mchezaji aliyekuwapo tangu 2007, watu walijaza Adelaide Oval na kumpigia makofi kocha yule yule, bila kombe lolote jipya kabatini. Kati ya kipigo cha pointi 71 na tangazo lile ilipita miaka mitatu na miezi mitano.